Karatasi Isiyo na Mwenyewe

Mimi ni mtu wa kupenda kujua vitu vinafanya kazi vipi. Redio ya baba niliifungua nikiwa darasa la tatu, na viboko nilivyokula havikunitibu. Kwa hiyo, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, binamu yangu aliyesomea kompyuta Nairobi aliponiambia kwamba kwenye mtandao kuna ukurasa wa kumficha mtu, nilimsumbua mpaka akanipa anwani yake. Unauandikia unakotaka kwenda, nao unakwenda kwa niaba yako na kukuletea. Ni kama kumtuma mtoto wa jirani dukani: mwenye duka hajui mkate utaliwa na nani.

Nami nilikuwa na la kuficha. Dada yangu mdogo alikuwa na kifafa. Kijana mmoja mwema alitaka kuleta wazee nyumbani kumposa, na dada akakataa kumjibu mpaka ajue jambo moja: je, atazaa watoto wenye kifafa? Kuuliza kliniki ya kwetu Meru hakukuwezekana. Muuguzi wa pale aliimba kwaya ya kanisa letu, na kwaya ile haikutoa nyimbo peke yake.

Nikaenda Embu, ambako hakuna aliyenijua hata kwa sura. Cyber niliyoipata huko, duka la kulipia mtandao, ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta tatu na benchi la kusubiria, na hapohapo walipigia watu chapa barua. Dada wa kaunta aliniuliza jina, nikamwambia hakuna haja. Nilifungua ule ukurasa, nikauandikia anwani ya madaktari wa kifafa wa Amerika, nikakaa kuutazama ukihangaika. Laini ilikatika, ikaunganishwa tena. Mwishowe maandishi yakaanza kushuka mstari kwa mstari, na juu kabisa nikahakikishiwa kwamba hakuna anayejua mimi ni nani. Nilifurahi, nikajiona jasusi. Kabla laini haijakatika tena, nikabonyeza kuchapisha.

Sikujua printa iko kaunta. Tena kwetu, barua za kijiji kizima hupitia sanduku la shule au la kanisa, na anayezigawa huita majina kwa sauti. Yule dada aliichukua karatasi, akatafuta jina, akakosa. Angekuwa na langu angeliita hilo. Akaita alichokiona.

"Hii ya kifafa ni ya nani?"

Benchi zima likageuka. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa nimejificha kwa watu wa Amerika, ambao hata Embu hawaijui, nikajianika mbele ya watu ambao siku yoyote wangeweza kukutana na shangazi zangu sokoni. Dada wa kaunta akauliza tena. Ndipo akainuka mwanamume mmoja aliyekuwa akingoja barua yake, viatu vimejaa vumbi la huko chini Mbeere.

"Kama mwenyewe hayuko, nipatie mimi," alisema. "Kwangu iko msichana ako na hiyo kitu."

Nikasimama, nikasema ni yangu. Aliniambia Kiingereza hakijui, basi nikaketi naye kwenye benchi nikamsomea kwa Kiswahili, chinichini. Nilipofika palipoandikwa kwamba watoto wengi wa mama mwenye kifafa hukua bila ugonjwa huo, alinishika mkono akaniomba nirudie. Nikarudia, kwa sauti ya kusikika hadi kaunta.