Tezi Nne za Jokébed

Jokébed Katungu alikuwa mshonaji wa Butembo, mjane asiye na mtoto. Alipoanza kutoka damu chooni alinyamaza, akidhani ni bawasiri. Aliyemlazimisha kwenda hospitali ni mdogo wake Ananie, mkulima wa kakao kule Oicha.

Daktari Xavier, mtu wa Kasai, alikuta uvimbe wa kansere mwisho wa utumbo, karibu na njia ya haja. Hakutaka kumpasua mara moja. Alisema uvimbe uchomwe kwanza kwa mionzi Kampala ili upungue. Kisha apumzike majuma kadhaa, ndipo upasuaji.

Ananie alimsindikiza. Huko Kampala alimpikia uji na kumfulia nguo, kazi ambazo wanaume wa kwao hawafanyi mbele za watu. Waliporudi alimwacha Butembo, akimwahidi dada yake kurudi kabla ya upasuaji.

"Yaya, minaenda kuvuna kakao. Nitarudia mbele bakupasue."

Hakurudi. Vita vilikuwa vimesogea kutoka upande wa Mambasa, na Ananie aliuawa shambani kwake. Mkewe, Jemima, ndiye aliyeleta habari, miguuni amevaa viatu vya mtu mwingine. Jokébed alimsikiliza mpaka mwisho, akamchotea maji ya kuoga, akarudi kwenye cherehani kumalizia kola ya shati. Machozi hayakuja. Siku ya kulazwa ilipofika, alikwenda hospitali.

Aliamka akiwa na mfuko tumboni wa kupokea choo. Wauguzi walitarajia alie. Aliuliza tu unafungwaje.

Nyama iliyotolewa ilipelekwa Kampala kupimwa. Majibu yalipokuja, daktari alivuta kiti karibu na kitanda.

"Mama, mu ile nyama banatafutaka tezi, baganglio, kwa kuona kama kansere ilitembea. Banapendaka kupata kumi na mbili. Kwako balipata ine tu."

"Ine."

"Yote ni safi."

"Sasa ine ni mubaya?"

"Kwa mutu mwenye hakuchomwa, ningeogopa, ningesema habakutafuta muzuri. Lakini wewe ulichomwa. Mionzi inakaushaka tezi, zinakuwa kidogo mpaka hazionekane. Kwa bagonjwa ba namna yako, kupata tezi kidogo hapana alama ya kufa mbio. Siwezi kukuapia, lakini sina woga."

Daktari alingoja afurahi. Jokébed alikuwa akitazama ukuta.

"Docta, Ananie ndiye alitaka kusikia hii. Umwambie Jemima. Mimi sisikie kitu mu roho."

Jemima alihamia kwake. Jokébed alimfundisha kushona, na Jemima akajifunza kumbadilishia mfuko bila kukunja uso. Miaka ikapita. Xavier alihamishwa, daktari mwingine akampima, akakuta hakuna kitu. Watu walipomwambia Mungu amemrehemu alijibu, "Ni vile," akaendelea kushona.

Jumapili moja kanisani, padri ameinua hostia na watu wote wamenyamaza, mfuko ulitoa sauti ndefu. Jemima alijiziba mdomo kwa kitenge, mabega yakitikisika. Jokébed alimtazama, akashikwa na kicheko, kikavu, kama kikohozi. Jemima aliacha kucheka akamkodolea macho. Hakuwahi kumsikia akicheka tangu alipohamia kwake.

Kicheko kilipita upesi. Baada ya misa walinunua chumvi na maharage, wakarudi nyumbani.