Ndama wa Mahari na Boti la Bibi Yako

Siku ambayo huwa naikumbuka kila nikisikia nyundo ikigonga faiba, mwanangu, ni ile ambayo bibi yako alizungumza na ndama. Usicheke kwanza. Wiki nzima sasa, tangu tupeleke mahari yako Kisaka, unaniuliza utaishije na wakwe zako, utasema nini, utanyamaza wapi. Basi vuta kigoda ukae. Baba yako amelala, hawezi kunikatiza.

Nilikuwa nimeolewa juzi juzi tu. Baba yako alikuwa fundi wa faiba, ile plastiki ngumu ya nyuzi za kioo, kazi aliyojifunza Mwanza kwenye karakana ya matangi ya maji, na tulikuwa tumepanga chumba Nyamisangura. Bibi yako, mama yangu, alikuwa mjane hapa Turwa. Babu yako alimwachia ng'ombe wachache na boti moja la faiba, kuukuu, lililokuwa likikaa kule ziwani, Rorya. Watu walitucheka sana, Wakurya na boti wapi na wapi, lakini babu yako alipenda samaki kuliko nyama na hakujali kuchekwa.

Boti hilo lilikuwa limepata ufa nyuma, kwenye ule ukuta ambao injini hufungwa. Wakalivuta kwa trekta mpaka hapa, likawekwa nyuma ya zizi. Ng'ombe walililamba asubuhi nzima, sijui walidhani ni chumvi.

Sasa sikia shida yenyewe. Mjomba wako Marwa ndiye aliyekuwa avue na boti hilo, na wakati huo alikuwa kijana asiye na kazi. Marafiki zake walikuwa wakimvuta waende kwenye mashimo ya dhahabu. Mama aliyaogopa mashimo yale kuliko kitu chochote. Alishaona vijana wa jirani wakitolewa chini wamefunikwa shuka. Kwa hiyo alinituma kwa mume wangu: "Mwambie mwenzio azibe ufa tu, apake na rangi. Nataka Marwa awe majini wiki hii hii, kabla hajaniponyoka."

Alinituma mimi kwa sababu unajua kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Bibi yako akitokea mlangoni, baba yako alijificha nyuma ya boti. Baba yako akipita njiani, bibi yako aliingia kwenye mahindi. Mara nyingine wote wawili walikimbia kwa wakati mmoja, nami nikabaki nimesimama peke yangu na sufuria ya chai.

Nikafikisha ujumbe. Baba yako akaja nami mpaka kwenye boti na nyundo yake, akagonga ule ukuta taratibu, kutoka juu kwenda chini. Pembeni ulilia vizuri, mlio mkavu. Pale katikati ukatoa mlio mzito kama unapiga godoro. Akachomoa bolti moja ya zamani, na maji meusi yakatiririka kutoka kwenye tundu.

"Ndani kuna ubao," akaniambia. "Plaiwudi, imebanwa na faiba huku na huku. Maji yameingia kwenye matundu ya bolti miaka mingi. Ubao umeoza wote."

"Kwa hiyo nikamwambie Mama nini?"

Akafuta maji meusi mkononi. "Mwambie sawa. Nitaziba ufa."

"Mwita!"

"Tangu nimuoe binti yake ameniomba kitu kimoja tu. Nianze na kumkatalia?" Akaanza kukata kitambaa cha faiba. Nilimpenda sana baba yako, na nilimwonea huruma, lakini saa ile nilitamani kumpiga na mwiko.

Hatukujua kwamba bibi yako alikuwa upande wa pili wa zizi, anakamua. Alisikia kila neno. Akatoka akija kinyumenyume, ametupa mgongo, anavuta ndama kwa kamba. Baba yako akapotea nyuma ya boti, koti kichwani. Mama akasimama, akamshika ndama sikio.

"Wewe ndama," alisema, "mama yako aliletwa hapa kwa mahari ya binti yangu, na wewe umezaliwa kwenye zizi langu. Kwa hiyo wewe ni wetu sote, utatufikishia maneno. Hebu muulize fundi, ule ubao ni mzima au umeoza?"

Sauti ya baba yako ikatoka nyuma ya boti: "Shikamoo."

Mpaka leo namtania kwamba alimwamkia ndama.

"Umeoza," akaendelea. "Wote."

"Na injini ikifungwa hapo?"

"Itang'oka ziwani. Iking'oka, maji yanaingilia nyuma, boti linazama."

Mama alimkuna ndama shingo. "Basi mwambie hivi. Atakayepanda boti hilo nilimzaa. Anayelitengeneza nilipewa. Akininyamazia kwa heshima, mmoja nitamzika, na huyu mwingine sitaweza tena kupokea salamu yake. Mimi ni mjane. Sina watoto wa kupoteza wawili kwa siku moja. Heshima anipe kwa macho na kwa miguu, asinisogelee. Lakini jambo kama hili aliseme, hata kama ni kwa ndama."

Nililia, mwanangu, na nyuma ya boti nilimsikia mtu mwingine akivuta kamasi.

Marwa alipoambiwa atasubiri, alinuna, akasema yeye anakwenda zake mashimoni. Mama hakubishana naye. Alimpa patasi na kumwambia akamsaidie shemeji yake. Baba yako alikata ngozi ya ndani ya ule ukuta, na Marwa akaanza kuchimba ule ubao. Ulitoka mkononi kama ugali uliolala kwenye maji. Alichota, akachota tena, kisha akauangalia ukidondoka vidoleni. Hakutaja mashimo tena.

Waliacha ukuta ukauke juani mpaka baba yako aliporidhika. Wakakata ubao mpya, wakaubandika kwa gundi ya faiba, wakaubana, wakaufunika tabaka juu ya tabaka. Kila tundu la bolti likapakwa gundi ndani ili maji yasipate tena pa kuingilia. Na kila asubuhi baba yako alikuta kibuyu cha maziwa mbele ya boti, hajui kimewekwa saa ngapi.

Msimu ule ule upepo mbaya ulimkuta Marwa katikati ya ziwa. Maboti mengine hayakurudi. Yeye alirudi amelowa, anatetemeka, na injini imeshika pale pale. Huyo mjomba unayemwona leo na kitambi chake, anayekumalizia chapati, alirudishwa na ule ukuta.

Bibi yako alipofariki, baba yako alisimama mbali na kaburi, kama inavyotakiwa. Alikuwa hajamtazama usoni hata siku moja. Nilipomwendea aliniambia, "Mimi nilimjua kwa sauti."

Sasa nenda Kisaka, mwanangu. Wakwe zako wape njia, inamisha macho, jifiche hata nyuma ya mti ikibidi, nami sitakucheka. Lakini ukijua kitu kinachoweza kumuumiza mtu wao, usiitikie "sawa" ili wakuone mwema. Tafuta namna ya kusema. Mungu amjalie mkeo afikishe maneno bila kuyapunguza, akujazie zizi, na katika zizi hilo asikose ndama mmoja wa kuongea naye.