Nilisema Mama Amekataa

Mume wangu aliniambia anataka tuhame asubuhi moja ya Jumanne, akiwa amepanda ngazi anashusha vitenge vya rafu ya juu. Hakuwa anamshushia mteja, maana mteja hakuwepo. Alikuwa na mazoea ya kuvikunjua na kuvikunja upya ili visishike alama ya vumbi kwenye mikunjo, na mwaka ule kazi yake kubwa ilikuwa hiyo.

"Kaka ananiambia kuna chumba cha duka kimeachwa wazi karibu na kwake Mombasa," alisema bila kunitazama. "Twende, mke wangu. Hapa pamekwisha."

Nilimjibu kwamba tutazungumza, nikaingia ndani kama mtu aliyeitwa jikoni.

Duka letu liko Old Kampala, kwenye barabara inayoteremka kutoka msikiti wa juu ya kilima, na nyumba yetu iko nyuma ya duka. Babu yake mama yangu alifika hapa kutoka pwani kwa biashara, akaoa, akazikwa hapa. Sisi wajukuu na vitukuu tunanunua ndizi kwa Kiganda, lakini tukikasirika au tukiomba dua tunarudi kwenye Kiswahili. Nilizaliwa katika chumba ambacho baadaye nililala na mume wangu. Yeye alikuja kutoka Mombasa akiwa kijana, akafanya kazi kwa baba yangu, akanioa, na baba alipofariki akabaki na duka.

Walioliendesha duka lile hasa walikuwa wateja wetu, wanawake wa Kongo. Walikuja na mabasi kutoka Goma, Bukavu na Butembo, wakalala kwenye gesti za chini ya barabara, na asubuhi wakaingia dukani wanazungumza wote kwa pamoja. Walijua kitenge kwa kukisugua kwa vidole viwili tu. Halafu vita vikakaza upande wao, njia zikafungwa, benki zikafungwa, na wakaacha kuja. Waliokuwa wanatoka Juba nao wakapungua hadi wakaisha, kwa sababu pesa yao haikununua kitu tena. Jirani wa kushoto, muuza viatu, akafunga. Wa kulia akahamia kijijini kwao Masaka. Kila mtu alikuwa akisema hali itarudi baada ya Idi, kisha baada ya mvua, kisha tukaacha kusema.

Kwenye baraza letu alikaa fundi cherehani mmoja, mama wa Kikongo aliyekuwa akitembea kutoka Kisugu kila asubuhi. Alikuwa amekimbia Bukavu na watoto wake miaka mingi nyuma. Nilipomweleza habari ya Mombasa alisimamisha mashine.

"Weye uko na bahati, mama," alisema. "Uko unachagula. Miye sikuchagula. Vita ilikuya tu, tukakimbia."

Sikuona bahati yoyote. Niliona mizigo.

Mama yangu wakati ule alikuwa anakaribia miaka themanini. Maisha yake yote alifundisha watoto Kurani kwenye ua wa nyuma. Nilipokuwa mdogo mkeka haukutosha, wengine walikaa kwenye ngazi za jikoni, na sauti zao zilisikika hadi barabarani. Sasa familia nyingi zilikuwa zimehama, na wanafunzi wake walibaki watatu. Aliwafundisha vilevile, kwa sauti ileile, kana kwamba ua umejaa.

Mimi na mume wangu tulizungumza jikoni kwa wiki nyingi. Tulizungumza kwa sauti ya chini ili mama asisikie, na tuliendelea kumtaja. Nilimwambia mume wangu kwamba mama hawezi safari ya basi ya siku nzima na zaidi. Kwamba kaburi la baba liko hapa. Kwamba binti yetu bado anasoma Kyambogo na hawezi kuachwa peke yake. Yeye alikuwa na jibu kwa kila neno: mama tutampumzisha Nairobi kwa shangazi wa mume wangu, binti atakaa hosteli na wenzake, kaburi halimzuii mtu kutembea.

Siku moja aliweka kikombe chini akaniuliza, "Lakini mama mwenyewe umemuuliza?"

Nikasema, "Nimemuuliza. Amekataa."

Sikuwa nimemuuliza.

Nimejaribu mara nyingi kueleza kwa nini nilisema vile. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kule ningekuwa mke wa mdogo wa mtu, nakaa kwenye chumba cha nyumba ya shemeji yangu, nasubiri zamu ya jiko la mwanamke mwingine. Ningeweza kumwambia mume wangu hivyo. Lakini mke anayesema "naogopa" anabembelezwa, anabishiwa, anashindwa. Mama mzee akikataa, mazungumzo yanaisha. Nikalitumia jina la mama yangu kama kufuli.

Na yalikwisha kweli. Mume wangu aliinamisha kichwa akasema, "Basi. Siwezi kumlazimisha mtu mzima." Baada ya hapo alikuwa akimsalimia mama kwa heshima kama kawaida, "Shikamoo mama," lakini hakukaa tena naye uani baada ya Alasiri kama alivyokuwa akifanya. Mama aliona. Aliniuliza mara moja kama amemkosea mkwewe. Nikamwambia ni mawazo ya biashara.

Aliondoka mwenyewe mvua za vuli zilipoanza. Tulikubaliana kwamba atatangulia, na sisi tutaona. Asubuhi ya safari alikwenda kumuaga mama. Mama alimwekea mkono kichwani akamsomea, kisha akamuuliza, "Utatuita lini?"

Mume wangu alinitazama. Nakumbuka uso wake, kama mtu aliyesikia maneno mawili yasiyolingana. Alijibu polepole, "Mkiwa tayari, mama."

"Chai inapoa," nikasema mimi. "Na basi halimsubiri mtu."

Ilikuwa nafasi yangu ya kusema, na nikataja chai.

Miezi iliyofuata nilifungua duka kila asubuhi na kulifunga Magharibi. Fundi wa Kikongo alichukua mashine yake, akaenda kushonea nyumbani kwake Kisugu, kwa sababu hata wa kuleta nguo za kurekebisha hawakuja. Aliniaga kwa kunikumbatia kwa nguvu, akaniambia nikapumzike. Nikampa kipande cha kitenge alichokipenda siku nyingi. Mume wangu alikuwa akipiga simu jioni. Aliuliza habari zangu, za binti yake, za duka. Mama hakumtaja. Simu ikikatika mama alikuwa ananiuliza, "Ameniambia nini?" nami nikimjibu, "Anakusalimia sana." Ulikuwa uongo mwingine, mdogo, na nilikuwa nimeshazoea.

Mwezi wa pili wa mwaka mama aliteleza kwenye ngazi za bafuni akavunjika nyonga. Daktari alisema mfupa wa umri ule hauungi upesi, na kwamba asisafirishwe wala asisimamishwe bila msaada. Binti yangu akawa anakuja kutoka Kyambogo kila alipomaliza masomo, tunamgeuza mama pamoja, tunampaka mafuta mgongoni. Wale wanafunzi watatu walikuja siku moja kumsomea, wakakaa sakafuni karibu na kitanda. Nilipotaka kuwapa misahafu ya mama wasomee, nikakuta rafu tupu.

"Nilishaigawa," mama akasema walipoondoka. "Tangu mumeo alipoondoka. Nilijua hatutaweza kubeba vitu vingi."

"Kubeba wapi, mama?"

"Mombasa." Alinitazama kwa mshangao. "Si nilikuwa nawasikia jikoni? Mlidhani mimi kiziwi? Nilikuwa nangoja mniite mniambie tunaondoka lini. Nikaona mumeo ameondoka, nikasema labda wametaka watangulize mtu. Mpaka nikaanguka."

Nilikuwa na bakuli la uji mkononi. Niliuliza, "Ungekubali kuondoka hapa? Na chuo chako cha Kurani?"

"Chuo gani, mwanangu? Walibaki watatu. Ulidhani nimekaa kwa ajili ya nani?" Akafumba macho kidogo. "Nilipokuwa msichana nilipelekwa kule kwa shangazi, nikakaa mwaka mzima. Nilitaka nipaone tena."

Niliweka bakuli chini nikamwambia. Nilimwambia yote, kwamba nilitumia jina lake, kwamba ndiyo maana mkwewe alimnunia, kwamba hata salamu nilizokuwa namletea nilizitunga mimi. Nilitegemea atanifokea. Alikuwa mwanamke mkali. Wanafunzi wake wazee wenye ndevu bado waliogopa kukosea herufi mbele yake.

Alivuta shuka mpaka kifuani. Kisha akasema, "Ungeniambia tu kwamba wewe ndiye hutaki. Ningekaa na wewe."

Alinyoosha mkono apewe uji wake, akala kidogo.

Hakuinuka tena kutoka kitanda kile. Alifariki kabla ya mvua za masika kwisha, asubuhi, binti yangu akiwa anamsuka nywele. Tulimzika siku ileile baada ya Adhuhuri, na mume wangu hakuwahi mazishi. Alifika siku ya pili, macho mekundu kwa safari, viatu vimejaa tope la huko mpakani.

Ilipokwisha hitma, watu wakatawanyika, nilimkuta amekaa uani mahali mama alipokuwa akifundishia. Nikakaa karibu naye. Nilikuwa nimeamua kwamba sitauzika uongo wangu pamoja na mama, nikamweleza mume wangu kama nilivyomweleza mama.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti. Aliuliza jambo moja tu: "Siku ile aliponiuliza nitawaita lini, alikuwa anauliza kweli?"

"Kweli."

"Na mimi nilidhani ananidhihaki." Alifuta uso kwa viganja. "Miezi yote hiyo nilimlaumu yeye moyoni. Nilikataa hata kumsalimia kwenye simu. Mama aliyenilea tangu nimefika mji huu sina hata ndevu."

Nilimwomba radhi. Alisema amenisamehe, na naamini alisema kweli, lakini alisema huku anatazama ukuta. Kesho yake alfajiri alikwenda kaburini peke yake akakaa huko mpaka jua likawa kali. Aliporudi alikula, akafunga begi lake, akamwachia binti yetu kitu cha matumizi, akaniambia tuonane Mungu akipenda. Nilimsindikiza mpaka kituo cha basi. Njiani tulizungumza habari za paa linalovuja.

Nilitegemea ataniambia twende. Sasa sikuwa na mama, na binti alikuwa amebakiza muhula mmoja. Hofu yangu ya jiko la shemeji ilikuwa imeisha. Ningepikia hata kwenye ngazi. Hakuniambia. Basi lilipowasha injini nilimuuliza mwenyewe, "Nije?"

Aliangalia miguu yake. "Ngoja kwanza," akasema. "Nipe muda."

Imepita miezi saba. Ananipigia kila Ijumaa baada ya swala, anauliza kama nimekula, kama paa limezibwa. Duka lake linakwenda kidogokidogo, anasema, Mombasa nako wanalalamika. Sehemu ya mbele ya duka letu nimempangisha kijana anayetengeneza simu, na vitenge vilivyobaki nimeviingiza ndani, kwenye chumba cha mama. Huwa navikunjua na kuvikunja upya. Kila Ijumaa, kabla hajakata simu, huwa kuna kimya cha pumzi mbili au tatu, nami nanyamaza, namngoja aseme njoo.