Karani Aliyeomba Kupelekwa Mwisho wa Lami

Saa moja kasoro dakika tano asubuhi, simu ya ofisi ya vifurushi inaanza kulia kabla mlango wa bati haujafunguliwa wote. Mwanamke mfupi mwenye koti la bluu la kazini anainama, anapita chini ya mlango huo na kuikimbilia simu. Anaibana kati ya bega na shavu. Kalamu tayari iko mkononi.

"Nakusikia, kaka. Magodoro manne, ndoo za rangi kumi na mbili, bahasha moja ya shule. Ndoo moja inavuja? Basi usiipakie. Nimesema usiipakie! Atakayepigiwa kelele huku ni mimi, siyo wewe."

Anakata, inalia nyingine. Kabla ya saa mbili atakuwa amezungumza na makarani wa miji tisa, mmoja baada ya mwingine, kuhusu mizigo inayopakiwa na itakayofika leo. Ni kazi ya miaka tisa sasa, na katika miaka yote hiyo hakuna kifurushi hata kimoja kilichopotea mikononi mwake. Hilo halisemi yeye. Wanalisema wenzake, tena wengine kwa kijicho.

Hapa wanamwita Mama Pacha. Pacha wenyewe, wa kike na wa kiume, wana miaka minane, na hakuna mtu ofisini aliyewahi kuwatia machoni. Wanalelewa na dada yake mkubwa, mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Baba yao alikwenda kutafuta maisha, inaonekana aliyapata, maana hajarudi.

"Sikuwatupa wanangu," anasema kabla hajaulizwa. Ni dhahiri ameshasemwa vya kutosha. "Nilipandishiwa kodi mpaka wakakosa pa kulala."

Mama Pacha ana hesabu yake ya kodi, na haina uhusiano na noti. Anafanya kazi siku ishirini na sita kwa mwezi. Kati ya hizo, analiambia gazeti hili, siku kumi na nne anamfanyia kazi mwenye nyumba. Kumi na mbili zilizobaki ndizo za kula, kuvaa na kumtumia dada yake.

"Yaani mpaka katikati ya mwezi mimi ni mfanyakazi wa yule mzee. Na hata salamu hajibu!"

Chumba chenyewe ni cha tatu kwenye korido yenye vyumba vinane. Dirisha ni moja, na ukinyoosha mkono unagusa ukuta wa jirani. Jiko liko sakafuni, sanduku la nguo liko juu ya kabati, na kitandani ndipo mgeni anapokaribishwa. Kodi imepanda mara tatu katika miaka minne. Mara ya mwisho mwenye nyumba alikuja na kopo la rangi ya kijani, akapaka mlango, akatangaza kwamba nyumba imekarabatiwa.

Zamani Mama Pacha alikuwa na vyumba viwili, mtaa wa pili kutoka hapo. Vilipomshinda akahamia hiki kimoja, akakuta sharti limeshaandikwa kwa chaki nyuma ya mlango: mpangaji mmoja, bila watoto. Pacha walikuwa na miaka mitano. Aliwapeleka kwa dada yake kwa miezi mitatu tu, ajipange. Sasa ni mwaka wa tatu.

Wazo lilimjia kwa bahati. Asubuhi moja karani wa mji mmoja alikuwa anatafuta stakabadhi iliyopotea, na Mama Pacha, kwa kupoteza muda tu, akamuuliza huko kwao analipa kodi kiasi gani. Karani akataja. Mama Pacha akapiga hesabu yake ya siku, akapata siku nane, za nyumba yenye sebule.

"Nilijiona mjinga," anasema. "Mshahara wetu makarani ni mmoja, ofisi zote. Kampuni hainiongezi hata senti kwa sababu mji huu una taa nyingi. Sasa mimi hapa nakaa kumpendezesha nani?"

Tangu siku hiyo, kila simu ya mizigo ilikuwa na mkia. Wakimaliza magodoro na ndoo, anauliza nyumba. Chumba na sebule ni siku ngapi? Wanataka kodi ya miezi mingapi kwa mkupuo? Shule iko wapi, na mtoto anavuka barabara ngapi? Majibu aliyaandika nyuma ya kalenda ya ofisi, mji kwa mji, mpaka wenzake wakaanza kumtania kwamba amekuwa dalali.

Hapo uso wake unabadilika. Dalali wa chumba chake alichukua kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kumwonyesha mlango.

"Waniite lolote, hilo hapana."

Mji wa kwanza aliouchagua nusura umponze. Ulikuwa wa siku tano, rahisi kuliko yote kwenye kalenda. Aliomba ruhusa ya siku mbili, akaenda kuona, akakuta nyumba safi na bomba kavu. Maji yananunuliwa kwa madumu, na ukijumlisha yanakula siku nyingine sita. Alirudi na hasira, akamkalia kooni karani wa mji huo kwenye simu. Karani akaapa kwamba hakumdanganya, yeye hajawahi kuona shida ya maji.

"Kosa lilikuwa langu," anasema Mama Pacha, na hapo anacheka mpaka anafuta macho. "Miji yote tisa nilikuwa nauliza wanaume! Mwanamume ataujua wapi usumbufu wa maji? Yeye anayakuta kwenye ndoo."

Akaanza upya. Safari hii, akimaliza habari za mizigo, anamwambia karani ampe simu mama wa usafi. Katika wiki mbili akajua mji upi una maji ya bomba, upi unafurika, upi mama mwenye nyumba anahesabu wageni. Mitatu aliifuta kwa kalamu nyekundu. Mingine ikaanguka yenyewe, na juu ukabaki mmoja ambao hakuutarajia.

Wafanyakazi wa kampuni hii wanauita Mwisho wa Lami. Ndiko wanakopelekwa waliokosea: aliyechelewa mara tano, aliyetukana mteja, aliyekutwa na kifurushi kilichofunguliwa. Ofisini, mtu akikohoa vibaya anaambiwa angalia, utapelekwa Mwisho wa Lami.

Mama wa usafi wa huko, kwenye simu, alikuwa na habari nyingine.

"Wanakuja wakilia hao," alimwambia. "Mwaka ukipita, wakirudishwa wanalia tena. Hapa maji yapo, shule ipo, watu hawana makuu. Njoo uone, mwanangu, usisikilize maneno."

Alikwenda. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na jiko lake peke yake, uani kuna bomba na kamba ya kuanikia. Shule iko ng'ambo ya uwanja, mtoto havuki barabara hata moja. Kodi: siku sita. Mama mwenye nyumba, mjane anayefuga kuku, alimuuliza ana watoto wangapi. Mama Pacha akababaika kujibu, kwa mazoea ya kuwaficha.

"Wawili," akasema.

"Wawili tu? Basi nyumba itakuwa kimya sana."

Mama Pacha alitoka nje akajifanya anakagua bomba. Alikuwa analia.

Mama mwenye nyumba alikubali kumshikia nyumba hiyo mpaka mwisho wa mwezi huu. Kilichobaki kilikuwa barua ya uhamisho, na hapo ndipo alipokwama.

Meneja, kijana nadhifu anayemwita kila mwanamke "mama", alisoma ombi lake akadhani ni utani. Alipoona siyo, akakunja uso.

"Mama, kule ni adhabu. Wewe ukienda kwa hiari, nikimpeleka mwizi kesho nitamwambia nini? Kwamba nimempa zawadi?"

"Hilo ni lako, bosi. Mimi natafuta nyumba."

Meneja akakataa. Mama Pacha akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Wapakiaji wakampa ushauri wa bure: avunje kitu. Televisheni moja tu, tena ndogo, na Mwisho wa Lami atapelekwa kwa gari la ofisi. Walivunjika mbavu. Yeye hakucheka.

"Miaka tisa sijapoteza hata bahasha," aliwajibu. "Niende kwa wanangu na jina la mwizi? Nitakwenda na jina langu, au siendi."

Wiki mbili zilizopita meneja alilegea, akamwita, akamsukumia fomu mezani. Ilikuwa fomu ya uhamisho wa kinidhamu. Akamwambia ndiyo pekee inayotumika kwa tawi hilo, aweke sahihi yaishe. Nyumba ilikuwa inamsubiri. Pacha walikuwa wameshaambiwa na mama yao mkubwa kwamba huenda wakahama. Sahihi moja tu.

Mama Pacha aliirudisha fomu ikiwa nyeupe.

"Usiku ule sikulala," anakiri. "Nilijiuliza, hiki ni kiburi au ni akili? Dada yangu akanifokea kwenye simu, akasema karatasi haimuumi mtu, weka sahihi uchukue watoto wako. Lakini karatasi inakaa kwenye faili. Siku kitu kikipotea kule, atafunguliwa faili nani? Si mimi?"

Alhamisi hii, siku tisa kabla ya mwezi kwisha, meneja anatoka ofisini kwake na bahasha. Ni saa nne, foleni ya wateja imefika mlangoni. Makao makuu, anasema, wameridhia. Mama Pacha anaifungua palepale kwenye kaunta na kuisoma amesimama, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anahamishwa kwa ombi lake mwenyewe, kwa sababu za kifamilia. Hakuna neno nidhamu.

Wapakiaji wanaanza kupiga makofi. Yeye ananyoosha mkono wanyamaze.

"Bosi, hapa pamekosewa."

"Pamekosewa nini tena, mama?"

"Sababu za kifamilia. Familia yangu haina tatizo lolote. Tatizo ni kodi."

Meneja anashusha sauti. Hilo, anasema, haliandikwi. Makao makuu wanasoma nakala.

"Ndiyo maana nataka wasome."

Kwenye foleni kuna mtu anaguna kwa kukubali. Mama Pacha anaiweka barua juu ya mizani ya kaunta, na chini ya nafasi ya sahihi ya mwajiriwa anaandika kwa mkono, herufi kubwa kama za kwenye maboksi: NAHAMA KWA SABABU MSHAHARA WANGU HAUTOSHI KODI YA MJI HUU. KAZI YANGU HAINA KASORO. Halafu anaweka sahihi.

"Umeniharibia barua," meneja anasema.

"Nimeimalizia, bosi."

Kijana yule anaichukua karatasi. Anaweza kuichana, na wote waliopo wanajua. Kisha anachukua muhuri kutoka droo ya kaunta na kuugonga, siyo kwa upole, na kurudi ofisini kwake bila kuaga. Kabla mlango wake haujafungwa, karani wa dirisha la pili, anayekaa na wenzake watatu chumba kimoja, anamuuliza Mama Pacha hiyo kalenda yake ameiweka wapi.

Jumamosi atafunga virago: kitanda, jiko, sanduku. Jumapili atakuwa kwa dada yake kuwachukua pacha, na shule zikifunguliwa anataka wawe wameshajua njia ya uwanjani. Siku nane atakazookoa kila mwezi ameshazigawa. Tano ni za ada na chakula cha kushiba. Tatu ataziweka benki kwa ajili ya kiwanja, hata kama kitachukua miaka kumi.

Na Mwisho wa Lami nako wakishtuka, kodi ikaanza kupanda?

Mama Pacha anaichukua simu inayolia, anaziba sehemu ya kusemea kwa kiganja, na kulijibu gazeti hili bila kufikiri.

"Wakipandisha, tutahama. Lakini safari hiyo tutahama watatu."