Bwana Ben wa Bungeni

Chhotubhai Mistry hakuwa mtu wa kuacha kosa lipite. Wiki ya kwanza tu baada ya kuvishwa kofia ya ukondakta wa basi la Acocks Green, mtaa wa Birmingham, aliwaandikia wakubwa wa gereji barua ya kurasa mbili, kuwaarifu kwamba tangazo la kukataza kutema mate lilikuwa na nukta mahali pa mkato. Wakubwa walimshukuru kwa kumpa zamu ya alfajiri, mwezi mzima, wakati wa theluji.

Ugonjwa huo wa kusahihisha aliutoa Nairobi. Huko alikuwa mwandishi wa hati mkato bungeni kwa miaka kumi na tisa, tangu enzi za wakoloni hadi wenye nchi walipokalia viti vyao. Kazi yake ilikuwa kusikia walichosema waheshimiwa na kuandika walichopaswa kusema. Mheshimiwa alisimama, akamwaga maneno yasiyo na kichwa wala miguu, na jioni maneno yaleyale yakatoka mezani kwa Chhotubhai yamechanwa nywele na kuvishwa viatu. Kisha kazi zikawa za raia, na yeye alikuwa na pasipoti ya Uingereza. Mwaka 1967 akaja Birmingham. Serikali ya Malkia, iliyompa pasipoti, ikampa pia mashine ya kukatia tiketi, na ikaona imemaliza wajibu wake.

Nyuma alimwacha dada yake, Tara, mtaa wa Ngara, amwuguze mama yao. Tara alikuwa mwalimu wa hesabu, mama wa mabinti wawili, na mke wa bwana mmoja aliyekwenda Bombay kununua vitambaa akasahau njia ya kurudi. Kwa heshima, Wagujarati humwita mwanamume kaka na mwanamke dada, na maneno hayo hugandishwa kwenye jina: bhai ni kaka, ben ni dada. Ndiyo maana Chhotu akawa Chhotubhai, na Tara akawa Taraben, na karani wa pasipoti, aliyeandika alichosikia, akaandika hivyohivyo.

Mwaka 1968 Bunge la London likapitisha, haraka haraka, sheria ya kuwazuia watu wenye pasipoti za Uingereza wasiingie Uingereza. Ukisoma sentensi hiyo mara mbili utaona haina kosa la sarufi. Tangu hapo mtu kama Tara alihitaji vocha maalumu, na vocha ilitolewa kwa mkuu wa familia. Mama yao alipofariki na kibali cha Tara cha kufundisha kikakataliwa, alikwenda kuiomba. Aliambiwa mkuu wa familia ni mumewe. Akasema mumewe hayupo. Akaambiwa kutokuwepo hakumwondolei ukuu. Akasema mumewe hana pasipoti ya Uingereza. Akaambiwa basi, ndiyo sababu hakuna vocha. Alirudi mara tisa katika miezi kumi na minne, na mara zote tisa mume aliyeko Bombay aliendelea kuwa mkuu wa nyumba ambayo hakuwahi hata kuilipia maji.

Mtu wa kumsaidia alikuwepo. Jimbo la kina Chhotubhai lilikuwa na mbunge, Mheshimiwa Clement Orbury, mwenye sauti nzito, suti tatu na nia njema isiyo na kikomo. Chhotubhai alimfahamu kuliko mke wa mheshimiwa alivyomfahamu. Kila Jumamosi isiyo na zamu alikwenda maktaba kuu ya mjini, akaagiza Hansard, ile kumbukumbu rasmi ya kila neno linalosemwa bungeni, na kuifuata kazi ya mbunge wake kwa penseli. Kazi yenyewe haikuchosha macho. Hotuba ya kwanza: uzuri wa mifereji ya Birmingham. Mwaka uliofuata: swali kuhusu njiwa wanaochafua sanamu. Kisha miezi kumi na saba ya tafakuri. Kisha swali kuhusu njiwa walewale, kwa kuwa majibu ya kwanza hakuyasikia, alikuwa amekwenda kula. Katikati hapo aliipigia kura ile sheria ya 1968, bila kusema neno. Chhotubhai alipouona ukurasa wenye majina ya waliounga mkono aliuma meno, lakini hakuandika kitu pembeni. Jina lilikuwa limeandikwa sawasawa.

"Sasa utaenda kwa huyohuyo?" aliuliza Kemunto.

Kemunto alikuwa nesi kutoka Kisii, abiria wake wa kila siku. Katika basi zima hao wawili tu ndio walioongea Kiswahili, naye akakitumia kusema kwa sauti kubwa mambo ambayo nesi hapaswi kusema.

"Ndiye mbunge wangu," alisema Chhotubhai. "Anaona watu Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Wenyewe wanaita surgery."

"Surgery? Basi niende na wewe. Nataka kuona operation ya bure."

Wakaenda, Jumamosi moja ya Desemba 1971. Chumba kilikuwa nyuma ya ukumbi wa kanisa. Chhotubhai alibeba barua aliyoipiga taipu mara nne, aya kumi na moja, kila mkato mahali pake. Mheshimiwa Orbury aliipokea kwa mikono miwili, akausifu weupe wa karatasi, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai.

"Nieleze kwa mdomo," alisema. "Tuna dakika nne."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kiingereza cha Chhotubhai cha kuandika kilikuwa cha kutundikwa ukutani. Cha kusema, moyo ukitulia, kilikuwa safi pia. Lakini siku hiyo moyo haukutulia. Akilini alimwona dada yake akisimama mara tisa mbele ya dirisha la karani. Alianza kufikiri kwa Kiswahili cha Nairobi, alichokizoea tangu utotoni, na Kiswahili kina "yeye" mmoja tu, ambamo mwanamume na mwanamke hukaa bila kubanana. Maneno yakamtoka mbiombio. Mheshimiwa alitafuta karatasi, akakosa, akaandika nyuma ya bahasha: T. Ben, Nairobi, mkuu wa familia, watoto wawili, ndugu wa Bw. Bhai.

"Nitalishughulikia kwa nguvu zangu zote, Bwana Bhai," alisema, akampa mkono.

Nje Kemunto alimtazama. "Ameiweka barua chini ya kikombe."

"Ataisoma."

"Ataisoma na chai iliyomwagika. Hii ndiyo surgery ya kwanza nimeona mgonjwa anatoka na ugonjwa wake wote, hata bandage hakupewa."

Miezi mitano ilipita. Tara aliandika kwamba ameuza mashine ya kushonea, kisha kabati la mama yao, na kwamba mabinti wanauliza kama Birmingham ni mahali pa kweli au ni jina tu la pahali pa kungojea. Chhotubhai aliisoma barua hiyo ndani ya basi tupu mwisho wa njia, akalia bila haya. Kisha akavaa kofia na kwenda maktaba.

Na huko, kwenye kijitabu cha siku moja ya Mei 1972, akamkuta. Mheshimiwa Orbury alikuwa amesimama. Alikuwa ameuliza, kwa sauti ambayo Chhotubhai aliisikia hadi kwenye karatasi, ni kwa nini Bwana T. Ben wa Nairobi, mkuu wa familia, mwenye pasipoti halali, kaka wa mpiga kura wake, mwanamume mchapakazi aliyebaki na watoto wawili baada ya kutelekezwa, anazungushwa bila vocha zaidi ya mwaka. Waziri, ambaye naye alikuwa na dakika zake, alijibu kwamba amesikitishwa kusikia habari za Bwana Ben, na kwamba Bwana Ben atapewa vocha yake kabla ya mwisho wa mwezi. Wabunge wakashangilia. Ilikuwa mara ya kwanza kushangiliwa kwa Orbury tangu aingie bungeni.

Chhotubhai alihesabu makosa matano. Alinakili ukurasa wote kwa hati mkato, akatoka mbio, na kesho yake asubuhi Kemunto alimkuta mlangoni mwa basi na bahasha mkononi.

"Nimemwandikia mbunge. Ukurasa haujajalidiwa, bado wanaweza kusahihisha. Dada yangu si Bwana! Si kaka yangu! Ben si jina la mtu!"

"Ngoja. Waziri amesema atapewa?"

"Amesema Bwana Ben atapewa."

"Na yule dada yako, yeye wamesema nini?"

Chhotubhai aliishusha bahasha. Abiria mmoja aligonga kioo akitaka tiketi.

"Wamemwambia hawezi kuwa mkuu wa familia," alisema Chhotubhai polepole.

"Kwa sababu ni mwanamke. Na sasa Bunge zima limesema ni mwanamume. Chhotubhai, kwa jina la Mungu, hiyo barua uile. Itafune kabisa. Halafu usijifanye mtakatifu, ni wewe uliyesema 'he'. Nilikuwa nimekaa hapo. Ulisema 'he is head of household' mara tatu."

"Mimi? Sikusema!"

"Mara tatu. Nami nikisema ukweli, hospitali huwa namwita Sister mkuu 'he' nikikasirika."

Nitasema alivyojisikia, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kukiri. Aliona aibu. Mtu aliyewavisha viatu waheshimiwa wa nchi nzima alikuwa ameteleza kwenye neno la herufi mbili, mbele ya mbunge aliyeshindwa kutofautisha njiwa na hoja. Na ili dada yake aokoke ilimbidi aliache kosa hilo likae, lichapwe, lijalidiwe kwa ngozi, lidumu. Barua hakuila. Aliiingiza kwenye kofia, akaenda nayo siku nzima, na jioni akaichoma jikoni. Kesho yake alinunua nakala ya kijitabu kile na kuituma Nairobi kwa posta ya rejista.

Tara aliingia nayo kwenye ofisi ya vocha mara ya kumi. Karani alikuwa yuleyule aliyeijua sura yake na sari zake zote. Aliusoma ukurasa, akamtazama, akausoma tena, akaingia ndani kwa mkubwa wake. Walikaa huko nusu saa. Njia zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ni kuiarifu London kwamba waziri ameliambia Bunge jambo lisilo kweli. Ya pili ni kumgeuza mwanamke kuwa mwanamume. Wakachagua ile isiyo na barua nyingi. Karani alirudi na muhuri.

"Hongera, Bwana Ben," alisema, akitazama dari.

Juni hiyo Chhotubhai alimpokea Tara kituo cha reli. Alitegemea kilio, kukumbatiana, habari za jirani. Tara alimpa masanduku, akawafunga mabinti skafu vizuri, kisha akasema kwa Kiswahili, ambacho tangu utoto kilikuwa lugha yao ya kusemea mambo mazito pasipo wazazi kusikia:

"Mimi walinikataa mara tisa, Bhai. Aliyeingia ni Ben."

Huyu ndiye aliyemzika mama yao, aliyelea watoto peke yake, aliyefundisha hesabu nusu ya Ngara, na hayo yote hayakutosha kumfanya mtu. Ilitosha bahasha chafu na masikio ya Orbury. Chhotubhai alibeba masanduku yote mwenyewe, asiruhusu kusaidiwa.

Bwana Ben hakuishia hapo. Alipata kadi ya matibabu, barua za kodi, na mwaliko wa klabu ya wanaume ya kurusha mishale. Tara aliandika kuomba asahihishwe, akajibiwa kwamba badiliko la namna hiyo lazima liombwe na Bwana Ben mwenyewe. Alifanya kazi kiwanda cha misumari miaka miwili, akarudia mitihani, akapata kufundisha tena. Kila mwisho wa mwezi karatasi ya mshahara ilikuja na jina la yule mwanamume mchapakazi.

Mwaka 1979 Mheshimiwa Orbury alistaafu. Walimwandalia keki kwenye ukumbi uleule wa kanisa, na Chhotubhai akaenda na Tara na Kemunto, kwa kuwa hakuwahi kukosa hotuba yake hata moja na hii ilikuwa ya tisa. Mheshimiwa alizungumzia mifereji. Alizungumzia njiwa, kwa huzuni. Kisha akashika ukosi wa koti na kusema kwamba akiulizwa mbele ya Mungu alifanya nini bungeni miaka yote ile, atajibu neno moja tu: Ben. Alisimulia jinsi alivyolitikisa Bunge zima kwa ajili ya baba mmoja mnyonge wa Nairobi. Watu walifuta machozi. Habari ya 1968 haikumjia mdomoni.

Baadaye alipita kati ya viti akishika mikono, akafika kwao.

"Bwana Bhai! Yuko wapi yule kaka yako? Nimetamani kumwona miaka saba!" Akamwona Tara, akainama kidogo. "Na wewe bila shaka ndiwe Bibi Ben. Umepata mume hodari sana."

Kemunto alijifunika uso kwa leso. Chhotubhai alifungua kinywa, na miaka saba ya kufyata ulimi ikamjaa mdomoni yote kwa pamoja. Tara alimgusa mkono.

"Bwana Ben yuko bungeni, Mheshimiwa," alisema kwa Kiingereza cha darasani, taratibu, kila neno peke yake. "Hajawahi kutoka humo. Huku nilikuja mimi."

Mheshimiwa Orbury alicheka kwa furaha, akasema vizuri sana, mpe salamu zangu, akaenda kukata keki. Chhotubhai alitoa penseli yake, akavuta tishu ya mezani, na kuiandika ile sentensi kwa hati mkato. Aliisoma mara mbili akitafuta cha kusahihisha, hakukiona.