Ukoo wa Chupa Sita

"Nina watoto mabilioni, na ukoo wao haujawahi kukatika mikononi mwangu," shangazi alitangaza kwenye harusi ya dada yangu, kipaza sauti mkononi. Upande wa bwana harusi wakatazamana kama watu waliouziwa gari bovu.

Watoto wenyewe ni bakteria. Walichotwa kwenye tope la chini kabisa ya ziwa, baridi ya nyuzi nne, na shangazi, fundi wa maabara, akapewa awalee kwenye chupa sita. Kila Ijumaa aliwahamisha tone moja moja kwenye supu mpya, yaani maji ya chakula chao, na kila mwezi akapandisha joto kwa nusu nyuzi, ionekane kama ukoo utalizoea. Mimi diploma ilinishinda katikati, lakini yeye alinieleza mara moja tu nikaelewa, na namshukuru mpaka leo.

"Ngozi zao zina mafuta laini," alisema. "Joto likipanda yanalegea, wengi wanakufa. Wachache waliozaliwa na mafuta mazito kidogo wanabaki, wanazaana, na baadaye ukoo wote unakuwa wao."

Mwaka wa pili, Dokta, mkubwa wake, akabanwa na ripoti. Akaamuru waruke nyuzi mbili kwa mpigo. Supu yenye uhai huwa na ukungu. Jumatatu, chupa zote sita zilikuwa angavu, vidole unaviona upande wa pili.

"Wamekufa, Mama," Dokta akamwambia shangazi. "Mwaga tuanze upya."

"Miaka miwili niimwage kwenye sinki? Nipe siku kumi, Dokta. Hawa ni wa baridi, hawana papara kama wewe."

Siku zile nyumbani tulikula mboga bila chumvi, na hakuna aliyethubutu kusema. Kila asubuhi alimtangulia mfagiaji kazini, akainua chupa dirishani, moja baada ya nyingine.

Siku ya tisa, chupa ya nne ilikuwa na ukungu mwembamba, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Shangazi akaita. Dokta akaja, akatazama, akavuta kiti.

"Asante, Mama. Nilikuwa nimewaua."

"Uliwaua wengi. Washukuru hao wabishi."

"Nikupe nini?"

"Sweta. Wiki ijayo tunachota wengine ziwani, na hao tunaanza nao kwenye chumba cha baridi. Taratibu, safari hii."

Dokta alikwenda mwenyewe dukani mchana uleule. Sweta ilikuwa shilingi elfu kumi na nane, na hakuomba apunguziwe.