Maua ya Mikorosho ya Bibi Somoe

Enzi zetu pale Chuno, ukitaka kujua nani mwenye nguvu, hukuuliza mwenyekiti wa mtaa. Uliuliza mwezi huu ni zamu ya jumuiya gani kupamba kanisa. Mliokua Mtwara miaka ya tisini mnanielewa. Simu za kuchezea hazikuwapo, kwa hiyo wazazi wetu, makarani wa bandari, walimu na manesi waliohamishiwa kusini huku wakilia, walijiburudisha kwa vikao. Kulikuwa na kamati ya kufagia, kamati ya chai, na kamati ya kuzikagua hizo mbili. Kila kikao kilifunguliwa kwa sala na kufungwa kwa kununiana.

Mama yangu alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu. Alizaliwa Kibosho, na alihama na kipande cha Kibosho: mmea wa isale ndani ya ndoo, aliyoipakata kwenye basi kutoka Moshi huku mimi nimesimama. Wapinzani wake walikuwa jumuiya ya Chikongola. Pasaka moja walipamba altare kwa maua ya plastiki kutoka Dar es Salaam, na waumini wakakaribia kuyasujudia. Mama alirudi nyumbani hakula. "Mungu hadanganywi na plastiki," alisema. Tangu siku hiyo nyumba nzima tuliishi kwa ajili ya mwezi wa nane, askofu atakapokuja kutoa kipaimara, na zamu itakapokuwa yetu.

Lakini mwezi wa nane Mtwara ni ukavu mtupu. Kilichochanua kilikuwa kimoja tu, mikorosho mitatu ya Bibi Somoe, jirani yetu wa nyuma, mama wa Kiislamu aliyetuletea muhogo wa kuchemsha bila kuombwa. Vishada vyake vya rangi ya waridi vilinukia hadi chumbani kwetu. Jumamosi ya kuamkia siku ya askofu Bibi alikuwa amekwenda mazishini Mikindani. Mama alivitazama, akasema, "Jirani hawezi kuninyima majani." Akatupa mapanga, mimi na wadogo zangu wawili, tukakata kwa moyo wote. Enzi hizo mtoto akitumwa hakuuliza. Wangu leo nikimtuma chumvi, anataka kwanza kujua kwa nini nisiiagize kwa simu.

Jumapili altare ilimeremeta. Wa Chikongola walikunja nyuso, Mama akashika rozari kama nahodha aliyekabidhiwa kombe. Askofu, ambaye baba yake alikuwa mkulima wa huku huku kusini, aliitazama altare kwa muda mrefu, akavua miwani.

"Nimeona altare nyingi," akasema. "Hii ni ya kwanza kupambwa kwa korosho za msimu mzima."

Sisi watu wa bara tulipiga makofi na vigelegele. Wenyeji kwenye mabenchi ya nyuma walishika vichwa. Ndipo katekista akamwinamia Mama na kumnong'oneza, "Mama Agi, hilo ua ndilo korosho yenyewe."

Sijapata kumwona Mama amekuwa mdogo namna ile. Kwao mtoto aliyechezea ua la kahawa alichapwa, kwa hiyo hakukosa akili ya kujua. Alikosa adabu ya kuuliza. Tena mtaa mzima ulijua kwamba korosho zile ndizo zilizotegemewa kumtoa unyagoni Zuhura, mjukuu wa Bibi na rafiki yangu mimi.

Hakungoja chai ya askofu. Alikwenda nyumbani, akavunja tawi la isale, akatoka na sare yake ya jumuiya, mimi nyuma yake. Bibi Somoe alikuwa amerudi. Alikaa kibarazani akiitazama mikorosho yake. Mama akapiga magoti, akamnyooshea tawi kwa mikono miwili.

"Nini hiki?"

"Isale, Bibi. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea hili. Akishaletewa, hawezi kukataa kusamehe."

"Hawezi kabisa?"

"Hawezi, Bibi."

Bibi akaligeuzageuza. "Kumbe kwenu mna raha. Huku kwetu mtu anakataa, tena anakataa mpaka anazikwa." Akaitazama tena mikorosho. "Mwali wangu lazima atoke. Mikorosho hainipi tena, basi utanipa wewe na wenzio wa kanisani."

Akainuka, akalichomeka lile tawi mpakani mwa viwanja vyetu, kama anayepanda kijiti cha muhogo.

Basi mwezi wa kumi na mbili jumuiya nzima ilipika pilau la unyago, Mama akisimamia na daftari la vikao mkononi, maana hata sufuria aliliundia kamati. Mambo ya ndani ya unyago hawakuambiwa, walichungulia wakafukuzwa. Hata wa Chikongola walikuja, na Zuhura akatoka kapambwa kichwani kwa maua yao ya plastiki. Mama aliyatazama, akapiga kigelegele kuliko wote.

Siku hizi jumuiya iko kwenye simu. Maua huletwa na mpambaji wa kukodi. Ukimkosea jirani unamtumia kipicha cha mikono iliyofumbwa, naye anakurudishia kidole gumba. Mmeshapatana, na hamjaonana tangu mwaka juzi.

Mama na Bibi Somoe wametangulia. Majuzi nilipita Chuno. Zuhura amejenga pale pale, na kama wenye nyumba wote wa leo amezungusha ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu. Ila upande wa kwetu ukuta umepinda vibaya. Nikamtania kwamba fundi wake alikuwa mlevi.

"Fundi alikuwa mzima," akasema, akanishika mkono tukazunguka nyuma. Isale lilikuwa limesimama pale ukuta ulipopinda, refu kunipita. "Bibi aliacha kasema, isale la mama yako lisikatwe. Bora ukuta ndio upinde."